Ganda likitoka kwenye bunduki linaingia, nikilipitisha kwenye dai linagoma. Wajuzi wa kujaza risasi, njooni

Fundi_Mbozi (#1)

Wakuu, habari za jioni. Walio Bongo habari za alfajiri, maana najua humu kuna watu hamlali.

Niko Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni ufundi wa malori, na tangu nipate ukaazi wa kudumu nimeambukizwa ugonjwa wa wenyeji: kuwinda. Vuli ikifika tunapanda milimani kutafuta kulungu wao wenye masikio kama ya punda. Bunduki yangu ni ya risasi za .308, ya bolti (unaifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi), na risasi za dukani zinakula hela mpaka mama watoto ameanza kuuliza maswali. Basi mzee mmoja Mmarekani wa pale kazini, anayekaribia kustaafu, akaniuzia presi yake ya zamani (mashine ya mkono ya kujazia risasi), seti ya dai na ndoo ya maganda. Huku serikali kuu haidai leseni ukijaza risasi za kutumia mwenyewe. Leseni inaanza pale unapotaka kuuza.

Kwa wageni: ukishafyatua, ganda la shaba linabaki. Linakuwa limevimba na kuchukua umbo la chemba, yaani tundu la bunduki risasi inapokaa ikifyatuliwa. Unalipaka mafuta, unalipitisha kwenye dai ili lirudi wembamba wake, dai hiyo hiyo inang'oa fataki iliyokufa (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), kisha unaweka fataki mpya, baruti na kichwa. Dai ninayosema ni kalibu ya chuma, ndugu yake ile ya tepu na dai ya gereji, si dai la kwenye baraza la ardhi.

Sasa kisa. Karatasi ya maelekezo inasema shusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda (kile kinachoshika kitako chake kwenye presi), kisha ongeza robo mzunguko. Nikafanya hivyo. Risasi zikateleza chemba kama tonge lenye mlenda, nikajiona fundi. Kujaza mara ya tatu, nikaona ganda moja lina mstari unaong'aa kulizunguka, juu kidogo ya kitako, kama pete ya ndoa. Yule mzee alipouona alibadilika sura. Akasema nalisukuma bega (pale ganda linapoanza kukonda kuelekea shingo) nyuma mno, nipandishe dai.

Nikaipandisha nusu mzunguko mzima, nikijua isipogusa bega mambo yatakuwa shwari. Ndipo kichekesho kilipoanza. Bolti inafungwa kwa kusukumwa na kiganja. Mbaya zaidi, ganda lile lile kabla halijapita kwenye dai, limetoka tu kwenye bunduki, linaingia vizuri! Kitu kimebanwa, kimekuwa chembamba, halafu eti kimekuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa? Mwenye akili anieleweshe kabla sijaiuza presi.

---

Kashata_na_Kahawa (#2)

Nimekaa paleee, pembeni ya mlango. Kwa hiyo huko watu wanapika risasi jikoni kama maandazi? Haya, endeleeni.

---

Chuma_Ulete (#3)

Mkuu, na sisi huku Tanzania tunaweza kujaza wenyewe? Nina babu ana gobole na rifle ya urithi.

---

Wakili_Mtaani (#4)

@Chuma_Ulete usithubutu. Bongo silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali kutakupeleka pabaya. Kenya hali ni hiyo hiyo. Mwambie babu anunue kwa muuzaji mwenye leseni kwa kibali chake cha umiliki.

Na kwa vijana mlioko Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda: sheria yao ya serikali kuu kwa kawaida inawakataza kumiliki silaha na hata risasi. Kuna mianya michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Muone wakili kabla ya kuliona duka. Mleta uzi amesema ana ukaazi wa kudumu, huyo kundi lake ni jingine.

---

BintiMeru_CNC (#5)

Fundi, pole. Bunduki yako haikudanganyi. Umeiacha dai katikati ya safari, basi.

Chukua donge la unga wa chapati, lishike kiunoni ubane. Unga unakwenda wapi? Juu. Ganda nalo ni vivyo hivyo. Linapoingia kwenye dai, kiwiliwili ndicho kinachobanwa kwanza, bega la ganda bado halijaonana na bega la dai. Shaba ikibanwa ubavuni haina pa kwenda ila juu, kwa hiyo bega linasogea MBELE. Ukiendelea kushusha, bega la dai linalipokea na kulirudisha nyuma. Wewe umeishia pale lilipokwisha kusogea mbele na halijarudishwa. Ndiyo maana ganda limekuwa jembamba ubavuni lakini refu begani kuliko lilivyotoka chemba.

Ile robo mzunguko ya kwenye karatasi nayo ina sababu yake. Mtengenezaji wa dai hajui chemba yako. Anataka risasi iingie kwenye kila bunduki ya .308 duniani, pamoja na ile yenye chemba fupi kuliko zote. Kwa hiyo anakusukuma mpaka mwisho. Chemba yako ikiwa ndefu kidogo, na inaruhusiwa kuwa hivyo, bega linabaki mbali na pale linapotakiwa kuegemea. Ukifyatua, pini inalisukuma ganda mbele, shinikizo linazibana kuta za mbele kwenye chemba zisiondoke, halafu kitako kinarudi nyuma mpaka kigonge uso wa bolti. Kinachovutwa ni ile sehemu ya juu ya kitako. Mara ya kwanza huoni kitu. Mara ya tatu, ya nne, shaba imekonda kama shati la kila siku lililofuliwa juu ya jiwe. Pete uliyoiona ni hiyo, na ganda linalokatika hukatikia hapo.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa malori: tairi lako la mbele lina psi 100 na zaidi kidogo, na unajua likipasuka inakuwaje. .308 inaruhusiwa kufika psi 62,000. Usilifyatue ganda lenye pete hata kwa kulijaribu.

Sasa, kabla hujagusa dai tena, nunua kipimio cha bega. Ni kipande kinachofungwa kwenye taya ya venia, chenye tundu la inchi 0.400 kwa .308, na tundu hilo linakaa katikati ya mteremko wa bega. Ng'oa fataki kwanza, maana fataki iliyofyatuliwa mara nyingine huchomoza na kukudanganya. Kisha pima ganda lililotoka kwenye bunduki yako, lililopita kwenye dai kwa mpangilio wa karatasi, na lililopita kwa mpangilio wako wa sasa. Tuletee namba.

---

Fundi_Mbozi (#6)

Dada, shikamoo hata kama nimekuzidi umri. Mfano wa chapati nimeuonyesha mama watoto, kaelewa kabla yangu.

Kipimio nimekipata leo. Maganda matano kila kundi, wastani wake huu: yaliyotoka kwenye bunduki, inchi 1.6285. Mpangilio wa karatasi, 1.620. Mpangilio wangu wa dai kupandishwa, 1.632.

Kwa hiyo kwa karatasi nilikuwa nalirudisha bega thau 8.5 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi, tuelewane wote), na kwa ujanja wangu nimelisukuma mbele thau 3.5. Ndiyo maana kiganja kilihusika!

Swali: vitabuni naona kipimo cha chemba cha GO (bolti inatakiwa ifunge) ni 1.630 na NO-GO (isifunge) 1.634. Namba zangu ni pungufu. Bunduki yangu mbovu?

---

BintiMeru_CNC (#7)

Hapana, usiichanganye mizani ya bucha na ya hospitali. Kipimio chako kinalinganisha tu. Ukingo wa tundu lake haukai hasa pale kinapokaa cha kitabuni, na cha jirani yako kinaweza kutofautiana na chako. Namba zako zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Ukitaka kujua kama chemba yenyewe ina kasoro, mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimio vya GO na NO-GO vya chuma.

Lengo lako kwa bunduki ya bolti ni kulirudisha bega thau 1 hadi 2 tu kutoka lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Weka 1.6265. Bunduki inayojipakia yenyewe ungeipa thau 3 au 4, kwa sababu bolti yake haina kiganja cha kuihimiza.

Uzi wa dai ni nyuzi 14 kwa inchi. Mzunguko mmoja ni thau 71 na ushei. Nusu mzunguko uliyopandisha ni thau 36, hapo ulikuwa umevuka lengo kwa mbali. Moja ya kumi na sita ya mzunguko ni thau 4.5. Chora alama ya kalamu ya wino mzito kwenye dai na nyingine kwenye presi uone unachofanya, usizungushe kwa kukisia. Anzia ulipo sasa, shusha moja ya kumi na sita, paka mafuta, pitisha, futa mafuta, pima. Namba inaweza KUPANDA kwanza kidogo, usishtuke, ndiyo ile chapati. Halafu itageuka ianze kushuka. Ikigeuka, punguza hatua ziwe nusu ya zile.

Tumia ganda jipya kila hatua, lililotoka kwenye bunduki hiyo hiyo na halijapitishwa. Ganda moja likipitishwa mara sita halikuambii ukweli.

---

Nyati_wa_Texas (#8)

Sasa wewe boss, mbona mnajitesa hivi? Mimi ni mtu wa Nakuru, niko Texas, najaza .308 miaka minane. Nunua dai ya shingo pekee. Inabana shingo ishike kichwa, kiwiliwili na bega haiyagusi. Ganda limeshachukua umbo la chemba yako, la kulibana la nini? Maisha ya ganda yanakuwa marefu, na risasi inapiga pale pale. Hesabu za nyuzi 14 ni za nini bana.

---

BintiMeru_CNC (#9)

@Nyati_wa_Texas inafanya kazi, mara mbili, tatu, nne. Kila ukifyatua ganda linavimba kidogo na kurudi pungufu, mpaka siku linajaa chemba na bolti inagoma. Siku hiyo itakubidi ulipitishe kwenye dai nzima, inayobana ganda lote, na utarudi kwenye swali lile lile la Fundi. Na ukijaza baruti ya wastani haina matata sana, ila ukiijaza kwa nguvu kubwa siku hiyo inafika mapema.

---

Nyati_wa_Texas (#10)

Imenifika mara moja tu, kusema kweli. Nikiwa kwa benchi, si porini.

---

Mzee_wa_Ulanga (#11)

Vijana, nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu. Mimi sijawahi kujaza risasi, lakini nimebeba bunduki za wageni na kufuata nyayo miaka kumi na tisa, Selous na Rungwa. Hao wageni wa Marekani wengi walikuja na risasi walizojaza wenyewe nyumbani, wamezipanga kwenye boksi kama vito.

Mwaka mmoja tuna mgeni na .375 H&H yake. Tumetambaa kwenye nyasi saa nzima, nyati dume peke yake, hatua 60. Mgeni kapiga ya kwanza, nzuri. Nyati kageuka akaingia kichakani. Mgeni anavuta bolti, anasukuma ya pili, haifungi. Anasukuma, haifungi. Nikamwona anapiga bolti kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anafunga mlango wa daladala. Mwindaji mkuu akamaliza kazi kwa bunduki yake, tukarudi kambini kimya. Jioni tukazijaribu risasi zake zote moja moja. Kati ya 40, sita hazikufunga.

Kwa hiyo bwana Nakuru, kulungu wa Texas akikukimbia unarudi nyumbani kula pizza. Huku hakuna pizza.

Niliambiwa na yule mwindaji mkuu, na mnisahihishe: kila risasi utakayoingia nayo porini ipitishe chemba ukiwa nyumbani.

---

Fundi_Mbozi (#12)

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya mlango wa daladala nimeiona kabisa.

---

Mzee_wa_Ulanga (#13)

Marahaba mwanangu. Piga kazi.

---

BintiMeru_CNC (#14)

Shikamoo mzee. Huyo mwindaji alikuwa sahihi, ila kuzipitisha zikiwa zimeshajazwa kufanyike uwanja wa shabaha, mtutu ukielekezwa kwenye tuta, kidole mbali na kifyatulio. Sebuleni mwiko. Nyumbani unajaribu maganda matupu.

Nyongeza kuhusu hiyo .375 H&H, iliyoanza 1912. Ina mkanda juu ya kitako, na mkanda huo ndio unaoishikilia isizame chemba. Kwa hiyo watengenezaji wa chemba hawakulijali sana bega, unakuta lina nafasi kubwa. Mjazaji akifuata karatasi, bega linarudishwa mbali na ganda linakatika mapema. Wanaojua wanalipima bega lake kama la .308 na kuusahau mkanda. Yule mgeni inawezekana aliusahau mkanda, halafu akaishia kwenye chapati ya Fundi.

---

Chuma_Ulete (#15)

Fundi unatia baruti kiasi gani kwenye hiyo .308?

---

Fundi_Mbozi (#16)

Hiyo sisemi humu mkuu, na wewe usiipokee kwa mtu yeyote wa mtandaoni, hata akijiita Fundi. Kuna vitabu vya watengenezaji wa baruti na wa vichwa, unachukua cha mwaka huu, unaanzia chini.

---

Fundi_Mbozi (#17)

Ripoti ya wikiendi. Nilijifungia gereji Jumamosi nzima.

Hatua ya kwanza, kushusha moja ya kumi na sita: 1.6325. Imepanda! Kama nisingeonywa ningeirusha presi nje. Ya pili: 1.6295, imegeuka. Nikapunguza hatua, nikapata 1.627, nikashangilia. Nikapitisha maganda kumi kwa mpangilio huo, nikayapima yote. Balaa: mengine 1.6255, mengine 1.6285. Tofauti ya thau 3 na dai sijaigusa. Pete ya kufungia dai iko palepale, alama za wino ziko palepale. Na mawili yana kibonyeo begani, kama mtu kabonyeza kwa kidole.

---

Kaka_Bukavu (#18)

Jambo ndugu. Miye pia niko Boise, asili yangu Bukavu. Hicho kibonyeo nilikipata sana mwanzo: mafuta mengi. Yakijikusanya begani hayana njia ya kutoka, na mafuta hayabonyei, kinabonyea shaba. Paka kiwiliwili kwa vidole, kidogo sana, bega usiliguse, ndani ya shingo pitisha brashi yenye mafuta kidogo. Na zibua kitundu cha kupumulia cha dai yako kama kimeziba.

Ila usiogope mafuta mpaka uyaache. Miye usiku mmoja saa tano, nimechoka, nimesahau kupaka ganda moja tu. Likaingia, halikutoka. Nikavuta mkono wa presi, kishikio kikang'oa ukingo wa kitako, ganda likabaki ndani ya dai. Nilitoboa kitako kwa drili, nikakata uzi kwa tepu, nikaweka bolti na washa, nikalivuta kama jino. Toka siku hiyo saa tatu usiku nafunga.

---

BintiMeru_CNC (#19)

Kaka Bukavu kamaliza habari ya mafuta. Kuhusu tofauti ya thau 3: ile ndoo ya mzee ina maganda ya kampuni ngapi? Na yamefyatuliwa mara ngapi kila moja? Shaba kila ikibanwa na kuvimba inakuwa ngumu, na ngumu inarudi kama spring. Ganda la mara ya kwanza linakaa pale unapoliweka, ganda la mara ya sita linarudi thau moja, mbili. Dai ni ile ile, kinachotofautiana ni ukaidi. Dawa yake ni kuyatenga kwa kampuni na kwa idadi ya mara, na wengine wanalainisha shingo na bega kwa moto kidogo kila baada ya muda. Kitako hakiguswi na moto hata siku moja, kikilainika bunduki inakuwa bomu.

Pia ukifika juu kabisa na mkono wa presi, tulia. Hesabu mpaka nne. Shaba inapewa muda wa kukubali.

---

Pimbi_Mkavu (#20)

Kando kidogo: Fundi, presi yako ni ya kampuni ya RCBS? Hizo herufi zinatokana na mnyama. Fred Huntington wa Oroville, California, mwaka 1943 alianza na dai za kutengenezea vichwa vya risasi za kuwapiga wanyama fulani wa mawe wa huko, wanene, wanaota jua kama pimbi wetu. Jina la mnyama, Rock Chuck, ndilo RC, kutengeneza kichwa, Bullet Swage, ndiyo BS. Mimi kwa jina langu hili ilibidi niseme.

---

Fundi_Mbozi (#21)

@Pimbi_Mkavu ndiyo yenyewe, ya kijani. Sasa kila nikiitazama namwona pimbi.

Wakuu, nimefika. Maganda ya ndoo yalikuwa kampuni nne tofauti, nikayatenga, nikabaki na 47 ya kampuni moja niliyoyanunua mapya mwenyewe na najua historia yake. Mafuta kidogo, kuhesabu mpaka nne, dai hatua mbili na nusu za moja ya kumi na sita kutoka nilikokuwa. Kumi ya mwanzo yote kati ya 1.6260 na 1.6270.

Halafu nikafanya jaribio alilonionyesha yule mzee wa kazini: nikaitoa pini ya kufyatulia kwenye bolti na kisukumio cha ganda pia, ili kusiwe na springi yoyote ya kunichanganya. Ganda lisilopitishwa kwenye dai: mkono wa bolti unashuka, unasimama katikati, unataka kidole. Ganda la 1.632: unasimama juu kabisa. Ganda la 1.6265: nikauachia mkono, ukaanguka wenyewe mpaka chini, tk. Nilirudia mara kumi kwa raha tu.

Kitu kimoja kimenishangaza. Nilichungulia presi ikiwa juu kabisa na ganda ndani: kati ya dai na kishikio kuna mwanga! Hazigusani. Nikapitisha karatasi ya printa, ikapita. Mbili kwa pamoja, zikakwama. Kwa hiyo kati ya maisha ya ganda na pete ya ndoa palikuwa na nafasi ya karatasi mbili zisizotimia. Na ile karatasi ya maelekezo ilitaka nizibane zigusane na kuzidi.

---

Nyati_wa_Texas (#22)

Hapo kwa mwanga kuna shida moja: presi inaweza kwenda kina tofauti kila ukivuta, kwa sababu haina kitu cha kugonga. Mimi kwa bunduki yangu nyingine ya .30-06 (ndiyo, naitumia dai nzima, msinicheke) nilinunua vishikio vya kampuni ya Redding, seti ya vitano, kila kimoja kirefu kuliko cha kawaida kwa thau 2, 4, 6, 8 na 10. Dai unaishusha mpaka igonge kishikio kila mara, unabadilisha kishikio badala ya kuzungusha dai. Kwa nafasi yako hiyo nahisi cha 6 kitakufaa, ukianza na cha 10 ushuke.

---

BintiMeru_CNC (#23)

Leo Nyati kaongea. Anza na kirefu kabisa kama alivyosema, usianze na kifupi.

Fundi, usiache kufunga ile pete ya dai ukiwa na ganda ndani na presi imepanda juu, ndipo dai inakaa katikati.

---

Fundi_Mbozi (#24)

Nimefunga hivyo hivyo.

La mwisho. Yale maganda 36 ya zamani niliyojaza kwa mpangilio wa karatasi, mengi hayana pete kwa nje. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaikunja ncha kama ndoano, nikaikwaruza ndani ya ukuta kuanzia chini kupanda. Kwenye 11 ndoano inaingia shimoni, unaisikia mkononi kabisa, kama gurudumu kwenye tuta. Moja nikalikata kwa msumeno wa chuma kwa urefu. Nje ni laini, limependeza, lingepita ukaguzi wa mtu yeyote. Ndani kuna mfereji umezunguka, ukuta umebaki kama nusu ya unene wa jirani yake. Nimelibandika ukutani juu ya presi.

Haya 10 yaliyobaki nifanyeje? Na yale 25 ambayo ndoano haikusikia kitu?

---

BintiMeru_CNC (#25)

Kumi yaponde shingo kwa koleo ili mtu asiyaokote, peleka kwenye chuma chakavu. Ishirini na tano weka mbali na mapya, pitisha ndoano kila unapojaza. Mimi ningeyatupa, lakini si hela yangu.

---

Kaka_Bukavu (#26)

Fundi, kama uko Boise kweli, Jumamosi naweza kuja na .30-06 yangu tuipime? Kipimio sina.

---

Fundi_Mbozi (#27)

Karibu sana kaka, ila tundu langu ni la 0.400, .30-06 inataka la 0.375, bega lake limelala tofauti. Agiza hilo dogo tu, mwili wa kipimio ninao. Njoo saa nne asubuhi, nakutumia anwani pembeni. Tutamaliza kabla ya saa tatu usiku.

---

Kashata_na_Kahawa (#28)

Bado niko pembeni ya mlango. Kashata zimeisha.